Si kweli kwamba kila ugonjwa wa virusi hauna dawa

Ndugu Mhariri,

Katika safu ya maswali ya afya ya gazeti lako, msomaji mmoja aliuliza ni matibabu gani hupewa mtoto ambaye madaktari wamesema ana maambukizi ya virusi kwenye ubongo. Jibu alilopewa lilikuwa fupi, na katikati yake mlikuwa na sentensi iliyonifanya nishike kalamu: kwamba ugonjwa ukishakuwa wa virusi hauna dawa, na kinachobaki ni kushusha homa na kuungoja mwili ujipiganie wenyewe. Nimefanya kazi ya uuguzi katika wodi za watoto kwa zaidi ya miaka 20, na sentensi hiyo nimeisikia kwa wazazi, kwa majirani zao waliokuja kuwajulia hali wagonjwa, na mara mojamoja hata kwa wahudumu wenzangu waliopaswa kujua zaidi. Kwa mafua ya kawaida ni ya kweli. Kwa ubongo wa mtoto inaweza kuua.

Nianze na jina, maana Kiswahili chetu bado hakijatulia juu ya ugonjwa huu. Wako wanaouita homa ya ubongo, wako wanaouita uvimbe wa ubongo, na jina hili la pili huwatia wazazi hofu ya saratani bila sababu. Walio wengi huuchanganya na homa ya uti wa mgongo. Homa ya uti wa mgongo hushika utando unaoufunika ubongo na uti wenyewe. Ugonjwa ninaouzungumzia, ambao madaktari huuita ensefalitisi, hushika ubongo wenyewe, ukavimba na kushindwa kufanya kazi yake. Yote mawili yanaweza kumpata mtoto mmoja kwa wakati mmoja, na dalili nyingi ni zilezile: homa, kuumwa kichwa, kutapika, degedege. Hata hivyo, mtoto ambaye virusi vimemshika utando peke yake kwa kawaida huumwa kichwa na kuukimbia mwanga, lakini anakutambua na anakujibu. Virusi vikiingia kwenye ubongo, mtoto hubadilika.

Mabadiliko hayo ndiyo ninayotaka wasomaji wako wayajue kuliko jambo lingine lolote. Mama anapofika mapokezi akasema, "Mwanangu huyu si yule ninayemjua," amekwisha kutoa habari ambayo hakuna mashine itakayoitoa mapema kuliko yeye. Mtoto analala mchana kutwa na akiamshwa anarudi kulala. Au anasema maneno yasiyofuatana. Au anamwogopa bibi yake aliyemlea. Au ghafla hawezi kutaja jina la kitu anachokishika kila siku. Au mkono na mguu wa upande mmoja vimelegea. Mwaka 2013 jopo la wataalamu kutoka nchi mbalimbali lilipokubaliana vigezo vya kuutambua ugonjwa huu, kigezo walichokitanguliza, ambacho bila hicho vingine havihesabiwi, ni kubadilika kwa fahamu au tabia kwa saa 24 au zaidi bila sababu nyingine inayojulikana. Naomba hapa nisieleweke vibaya. Saa hizo 24 ziliwekwa ili watafiti wawe na kipimo kimoja cha kuwahesabu wagonjwa. Hazikuwekwa ili mzazi akae nyumbani akiangalia saa.

Najua nitaulizwa kuhusu degedege, kwa sababu watoto wengi wa kati ya miezi 6 na miaka 5 hupata degedege la homa, na walio wengi hawana ugonjwa wowote wa ubongo. Ni kweli. Lakini kinachotenganisha mara nyingi si degedege lenyewe, ni kile kinachofuata. Aliyepata degedege la kawaida la homa hulala kidogo, kisha ndani ya muda wa saa moja hivi anaamka, anamtafuta mama yake, anataka maji, anakuwa yeye. Ambaye saa zinapita na bado hajarudi katika hali yake, au degedege limemrudia, au lilishika upande mmoja tu wa mwili, au limepita robo saa, huyo si wa kuambiwa "ni homa tu" na kurudishwa nyumbani na dawa ya maji.

Mtoto mchanga ni habari nyingine, na ngumu zaidi, kwa kuwa bado hana tabia ambayo mzazi ataigundua kuwa imebadilika. Kwake dalili ni kukataa ziwa, kulala kupita kiasi, joto la mwili kupanda au hata kushuka chini ya kawaida, na degedege dogo ambalo laweza kuwa ni midomo kuchezacheza au mkono kurukaruka. Wengi hutazama kama ana malengelenge kwenye ngozi, ambayo huletwa na kirusi nitakachokitaja hivi punde, na wasipoyaona hutulia. Kumbe watoto wachanga wengi wenye ugonjwa huu kwenye ubongo hawana lengelenge hata moja. Tena mama zao wengi hawajui kabisa kwamba wamebeba kirusi hicho, maana hakijawahi kuwasumbua, na kwa hiyo kuwauliza kwa sauti ya kuwashutumu ni ukatili usio na faida yoyote ya kitabibu.

Kirusi chenyewe ni kipi? Virusi vinavyoweza kufika kwenye ubongo ni vingi, lakini kimoja kinastahili kutajwa kwanza kwa sababu ndicho kinachoivunja sentensi ya safu yako. Kinaitwa herpesi simpleksi. Ni kilekile kinacholeta malengelenge kwenye midomo ya watu wengi, na watu wengi sana duniani wanacho mwilini bila kudhurika. Kwa wachache, kwa sababu ambazo hazihusiani na usafi wala malezi, hupanda hadi kwenye ubongo, na kwa watoto waliokwisha kupita umri wa uchanga hupenda kushika sehemu za pembeni, usawa wa masikio, ambako kumbukumbu, lugha na hisia zina makazi yake. Ndiyo maana mtoto huyu huonekana kana kwamba amerukwa na akili kabla hajaonekana mgonjwa.

Kabla ya miaka ya 1970 kufikia mwisho, kati ya kila wagonjwa 10 wa herpesi ya ubongo takriban 7 walikufa, na waliobaki wengi wao hawakurudi walivyokuwa. Mwaka 1977 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba dawa iitwayo vidarabini inapunguza vifo hivyo kwa zaidi ya nusu. Kisha ikaja asiklovia, iliyotokana na kazi ya mwanasayansi Gertrude Elion na wenzake, mwanamke ambaye mwaka 1988 alipewa Tuzo ya Nobel ya tiba pamoja na George Hitchings na James Black kwa kanuni walizozigundua za kutengeneza dawa. Mwaka 1984 madaktari wa Sweden walizilinganisha dawa hizo mbili: waliopewa vidarabini walikufa asilimia 50, waliopewa asiklovia asilimia 19. Miaka miwili baadaye Wamarekani nao walifanya ulinganisho wao wakapata asilimia 54 kwa 28. Namna asiklovia inavyofanya kazi inapendeza kuisimulia: dawa huingia mwilini ikiwa imelala, na ni kimeng'enya cha kirusi chenyewe kinachoanza kuiamsha, ikishaamka hujipachika katika mnyororo wa vinasaba vipya ambavyo kirusi kinavijenga ili kizaliane, na mnyororo ukakatika hapo. Seli ambayo haina kirusi haiiamshi dawa, isipokuwa kwa kiasi kidogo mno. Kirusi kinajisokotea kitanzi chake. Na tangu Wamarekani watoe matokeo yao ni karibu miaka 40 sasa, lakini bado tunachapisha kwamba virusi havina dawa.

Sasa nije kwenye kiini cha barua yangu. Asiklovia huzuia kirusi kuendelea kuzaliana, lakini sehemu ya ubongo iliyokwisha kufa haifufui. Katika utafiti ule wa 1986 walioanza kutibiwa wakiwa bado na fahamu walipona vizuri kuliko walioanza wakiwa wamekwisha kuzama. Kwa hiyo mtoto mwenye homa na fahamu iliyobadilika, ambaye daktari anashuku ensefalitisi, anapaswa kuanzishiwa dripu ya asiklovia kwa kushukiwa tu, kabla jibu la maabara halijarudi, kama vile anavyoanzishiwa antibiotiki kwa kuhofia homa ya uti wa mgongo ya bakteria, na kama vile anavyopimwa malaria na sukari ya damu palepale panapohusika. Majibu yakirudi na kuonyesha ni kitu kingine, dawa inasimamishwa na hakuna kikubwa kilichopotea. Ikingojewa hadi majibu yarudi, kinachoweza kupotea ni kumbukumbu ya mtoto, au mtoto mwenyewe. Nimeona wodi moja, ambayo sitaitaja, ambamo chupa za dawa zilikuwa kabatini na mtoto alikuwa kitandani, na kwa siku mbili vilitenganishwa na karatasi ya maabara iliyokuwa haijasainiwa. Sikulaumu maabara. Nilijilaumu mimi kwa kutouliza kwa sauti ya juu zaidi.

Kipimo kinachongojewa ni cha maji ya uti wa mgongo, ambamo vinasaba vya kirusi hutafutwa. Wazazi wengi hukikataa kwa kuamini kwamba sindano ile hupoozesha. Sindano huchomwa chini kabisa mgongoni, mahali ambapo uti wenyewe umekwisha kuishia na panapobaki ni nyuzi za neva zinazoelea ndani ya maji, na huko nyuma hatukuwaeleza watu jambo hili vya kutosha. Tuliwapa fomu watie sahihi. Zipo nyakati daktari mwenyewe huahirisha sindano hiyo, kwa mfano akiona dalili kwamba ubongo umevimba kiasi cha kuleta hatari, na hapo kuahirisha ni sahihi kabisa. Kinachoahirishwa ni sindano, dawa haiahirishwi. Jambo jingine ambalo hata wataalamu husahau ni kwamba kipimo hicho kikifanywa katika siku 3 za kwanza kinaweza kurudi safi na kirusi kikawamo. Kama dalili na picha ya ubongo bado vinaelekeza huko, kipimo hurudiwa baada ya siku chache na dawa ikaendelea. Picha ya CT, yaani eksirei ya kompyuta, nayo inaweza kuwa safi mwanzoni. Ya MRI, inayopigwa kwa sumaku, huona mapema zaidi, pale ilipo.

Dawa hupewa kwa mshipa kila baada ya saa 8, ikiingia polepole kwa muda wa saa nzima, kwa siku 14 hadi 21, na kwa mtoto mchanga siku zisipungue 21. Vidonge havitoshi katika hatua hii, kwa sababu tumbo hunyonya sehemu ndogo tu ya dawa na kinachofika kwenye ubongo ni kidogo zaidi. Kipimo cha dawa hufuata umri na uzito, kwa hiyo sitakiandika gazetini. Ikiingizwa haraka au mtoto akiwa amepungukiwa maji inaweza kuganda katika figo, na ndiyo sababu muuguzi anapima mkojo na kuandika kila kinachoingia na kutoka, kazi ambayo ndugu wa mgonjwa huiona kama ya urasimu. Hapa ndipo nilipogombana na watu wengi kuliko mahali pengine popote: siku ya nne au ya tano mtoto ameamka, amekula, ametabasamu, na baba anataka aruhusiwe. Namwelewa baba huyo, ana watoto wengine na ana kazi. Lakini kirusi kilichokatizwa nusu kinaweza kurudi, na mara ya pili hakina huruma. Kwa watoto wachanga utafiti uliotolewa mwaka 2011 ulionyesha kwamba baada ya siku 21 za dripu, kuendelea na asiklovia ya kunywa kwa miezi 6 kunawasaidia kukua kiakili vizuri zaidi. Ni safari ndefu, na inafaa waambiwe tangu siku ya kwanza.

Mwandishi wa safu yako angeweza kujitetea kwamba virusi vingine vingi vya ubongo kweli havina dawa ya kuviua, na angekuwa sahihi. Ensefalitisi ya Kijapani, inayoenezwa na mbu katika nchi za Asia na Pasifiki ya magharibi, huwaua hadi asilimia 30 ya wanaougua ugonjwa wenyewe, na haina dawa, ina chanjo. Surua nayo huingia kwenye ubongo wa takriban mtoto mmoja katika kila 1,000 wanaoiugua, na kwa wachache hujificha kwa miaka, mara nyingi 7 hadi 10, kisha ikazuka tena kama ugonjwa unaoharibu ubongo polepole hadi kifo; chanjo yake ipo tangu mwaka 1963. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili karibu kila mara huishia kwenye kifo, na katika watu wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa, wawili kati ya kila watano ni watoto wa chini ya miaka 15. Lakini kabla ya dalili, kidonda kuoshwa kwa maji na sabuni kwa dakika 15 na chanjo kuanza bila kuchelewa huokoa. Kwa magonjwa haya, basi, dawa iko kabla ya ugonjwa.

Hata hivyo, kukosa dawa ya kuua kirusi si kukosa matibabu, na hapa ndipo sentensi ile inaponiudhi zaidi. Mtoto asiye na dawa mahususi anaweza kupona au kufa kutokana na mambo ambayo hayana jina kubwa: degedege kukomeshwa kabla halijachoma akiba ya ubongo, sukari isishuke, njia ya hewa iwe wazi, kichwa cha kitanda kiinuliwe, apewe dawa za kupunguza mgandamizo ndani ya fuvu pale unapopanda, alishwe kwa mpira wa pua asije akapaliwa, ageuzwe asipate vidonda. Na kabla ya kufika hospitali, anayemwona mtoto katika degedege amlaze ubavu, amwondolee vitu vya kumjeruhi, asimtie kijiko wala kidole mdomoni, na degedege likifika dakika 5 bila kukoma alihesabu kuwa dharura.

Jibu lile pia lilinyamaza kabisa kuhusu siku za baada ya kuruhusiwa. Mtoto aliyepona herpesi ya ubongo anaweza, wiki kadhaa baadaye, kuanza kutupatupa mikono, kukosa usingizi, kupiga kelele, na watu wakadhani ni utundu au ni kirusi kimerudi. Tangu mwaka 2007, daktari wa mishipa ya fahamu Josep Dalmau na wenzake walipoeleza ugonjwa ambamo kinga ya mwili hushambulia vipokezi fulani vya ubongo, imekuja kujulikana kwamba herpesi inaweza kuuamsha ugonjwa huo. Matibabu yake ni ya kutuliza kinga, tofauti na ya kirusi, na hufaa zaidi yakianza mapema. Kwa hiyo mzazi arudi hospitali, asingoje tarehe ya kliniki. Wengine hubaki na kifafa, au masikio mazito, au kumbukumbu isiyoshika. Namkumbuka kijana mmoja aliyetoka kwetu akitembea vizuri na kuzungumza vizuri, na mwaka uliofuata shuleni akaitwa mvivu kwa sababu somo la asubuhi halikukaa kichwani hadi mchana. Hakuna aliyekuwa amemwambia mwalimu wake chochote, na sisi tuliomtibu hatukuandika hata barua ya ukurasa mmoja ya kumpelekea.

Ninachoomba, Ndugu Mhariri, ni marekebisho ya jibu lile, yachapwe katika safu ileile na kwa herufi za ukubwa uleule, si katika kona ya chini ya ukurasa wa matangazo. Na kama yule msomaji aliyeuliza bado anasoma gazeti hili na mtoto wake bado yuko wodini, naomba aambiwe amuulize daktari, kwa heshima lakini leo hii, kama mtoto ameanzishiwa asiklovia, na kama hajaanzishiwa, ni kwa sababu gani. Huenda sababu ipo na ni nzuri. Ataelezwa.

Wako mtiifu,

Muuguzi wa watoto